Kutia mpini na makali kwenye kisu cha springi

Bapa la kisu nililinunua kwa mhunzi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam. Lilikuwa limeshafuliwa, limezimwa kwenye mafuta machafu ya injini, kisha likarudishiwa joto kidogo ili lisivunjike ovyo. Chuma chenyewe ni springi ya gari, ile ya vipande bapa vinavyolaliana chini ya pikapu. Mafundi wanaipenda kwa sababu ina kaboni ya kutosha kushika ugumu, na gereji hazikosi zilizokatika. Nilichopewa kilikuwa kitu cheusi, kizito, kisichokata hata karatasi. Kilichobaki kilikuwa juu yangu.

Kabla ya lolote nilikijaribu kwa tupa. Kwenye makali tupa iliteleza tu, kwenye mgongo na msuka, ule mkia unaoingia ndani ya mpini, iling'ata. Nikajua mhunzi amezamisha upande wa makali peke yake, na hicho ndicho nilichokitaka: makali magumu, mgongo wenye kustahimili. Nikafumba jicho moja na kutazama urefu wake kuanzia msukani hadi nchani. Kimenyooka. Kisu kilichopinda kabla ya kutiwa mpini mrudishie mwenyewe, usijitwike mzigo.

Wakati naondoka yule fundi aliniambia, "Kaka, grenda usiipeleke kwenye makali." Nimemtii. Chuma kilichong'arishwa kikipata moto huonyesha rangi: kikipita kidogo nyuzi 200 huwa na manjano ya majani makavu, kikikaribia 300 huwa bluu. Bluu ikishatokea makalini, ugumu umeondoka, na hata ukiisugua rangi ikatoka, ugumu haurudi. Kwa hiyo nilifanya kazi ya makali kwa mkono, vidole vitupu juu ya chuma, ndoo ya maji pembeni. Kikianza kuchoma vidole, ndani ya maji.

Magamba meusi yalilainika kwa kulala kwenye siki, asubuhi nikayatoa kwa brashi ya waya na kukiosha kwa maji ya magadi. Kisha msasa, niliouzungushia kipande cha mbao na kuutonea mafuta ya taa: namba 120, 240, 400, 600. Siri iko kwenye mwelekeo. Namba 120 nilisugua kwa kukata upana wa kisu, 240 kwa urefu, hivyo hivyo kwa kupishana. Mikwaruzo ya namba iliyotangulia inaonekana wazi ikiwa imelala upande mwingine, nawe huhami mpaka iishe yote. Kazi hii inachosha mabega na haina njia ya mkato. Karibu na mgongo niliacha alama za nyundo na weusi wake. Wapo wanaong'arisha kisu kizima mpaka ujione uso; mimi naona ni kumfuta aliyekifua.

Mpini nilitaka uwe wa mpingo, na vipande vilivyobaki kwenye vinyago havikosekani kwa wachongaji wa Mwenge. Angalia usiuziwe mti mweupe uliopakwa rangi nyeusi ya viatu. Utumbukize majini: mpingo huzama. Vumbi lake nalo linawasha ngozi na kifua, hivyo barakoa si mapambo.

Vijijini mpini wa kisu au jembe hutiwa kwa moto: msuka unapashwa, unachomekwa kwenye mti, unajichomea njia. Mpingo ukiufanyia hivyo moja kwa moja unapasuka. Nilianza kwa kuuvisha pete, kipande cha bomba nene la shaba la kiyoyozi nilichokigonga kikawa na umbo la yai. Kisha nikatoboa kwa keekee tundu jembamba kuliko msuka. Bapa nililifunga kitambaa kilicholowa na kulibana kwenye jiliwa, msuka umetazama juu, nikaupasha ncha tu mpaka ikaiva nyekundu. Nikashusha mpini juu yake. Ulitoa moshi na mlio mdogo, ukaingia kama nusu inchi, nikauchomoa haraka. Nikalowesha kitambaa upya, nikapasha tena, mpaka pete ikagusa bega la kisu bila kuacha mwanya wa kupitisha ukucha.

Makaa yaliyobaki tunduni niliyakwangua, nikafuta kwa spiriti, kwa kuwa mpingo una mafuta yake na gundi haishiki juu ya mafuta. Nikajaza gundi ya mirija miwili na kuuacha usiku mzima. Umbo la mpini nililichonga baadaye kwa tupa ya mbao, nikikishika mara kwa mara huku nimefumba macho. Mpini wa mviringo mtupu hukuzungukia kiganjani; wa umbo la yai unakuambia makali yako wapi hata gizani.

Kunoa kulikuja mwisho kabisa, kwenye kinoo cha pande mbili, pembe ya kama nyuzi 20. Nilinoa upande mmoja mpaka kidole kikasikia kijiukingo chembamba cha chuma upande wa pili, nikageuza, kisha nikamalizia kwenye mkanda mkuukuu wa ngozi.

Sasa kiko jikoni. Ndimu na vitunguu vimeshakitia rangi ya kijivu, na siisugui, maana inapunguza kutu. Sharti ni moja tu kwa yeyote anayekigusa: kioshwe, kifutwe, kipakwe tone la mafuta ya kupikia, kisilale kwenye beseni la vyombo.