Boya la kutambua mafuta baharini: kumbukumbu ya mradi wangu, Tanga

Maji mafu, kaskazi linaelekea mwisho

Boya sasa linaelea bila kulala upande. Mwili wake ni madumu ya lita 20 yaliyofungwa kwenye fremu ya mabomba ya plastiki. Katikati ya fremu kichwa cha sensa kinaning'inia shubiri moja hivi juu ya maji, kikitazama chini. Ndani yake kuna taa ya LED ya urujuanimno (UV, mwanga usioonekana kwa macho) wa nanomita 365, fotodayodi mbili za kupokea mwanga, saketi ya kukuza ishara, na bodi ndogo ya kompyuta, ESP32, inayosoma vipimo na kuviandika kwenye kadi. Nimelitia nanga kando ya diko la Deep Sea, mahali boti zinaposhusha samaki, nje kidogo ya njia ya boti, baada ya kuzungumza na wazee wa diko na kukubaliwa.

Wengi wameniuliza kwa nini nisifunge sensa kwenye nguzo, nikaepukana na habari za nanga na kamba. Sababu ni bamvua, siku za maji makubwa. Hapa kwetu tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hupita mita 3, na mwanga unaorudi kwenye sensa hupungua haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Sensa ya nguzoni ingekuwa inapima kupwa na kujaa, mafuta yakapotelea humo. Boya hupanda na kushuka na maji, umbali ukabaki uleule. Tena dirisha la sensa haligusi maji, kwa hiyo mwani hauoti juu yake. Chumvi ya matone yanayorukia ndiyo ya kufuta mara kwa mara.

Ninachokitafuta ni mafuta ya kila siku: dizeli inayomwagika wakati wa kujaza tangi, oili ya kuchanganyia petroli inayotoka na moshi wa mashine za boti, maji ya ngama (yanayokusanyika chini ndani ya boti) yanayofuliwa na kumwagwa yakiwa na oili chafu ndani yake. Meli kubwa ikipasuka mji mzima utajua. Haya madogo hayana anayeyahesabu, na yanaingia palepale samaki wanaposhushwa.

Karai uani

Kabla ya kuamini vipimo vya baharini nilitaka kujua kila kitu kinaonekanaje mbele ya sensa, nikajaza maji ya bahari kwenye karai na kujaribu usiku, kimoja baada ya kingine.

Oili na dizeli zina kemikali za aromatiki zinazonyonya urujuanimno na kurudisha mwanga wa buluu unaofifia kuelekea kijani. Fotodayodi ya kwanza ina filta inayozuia mwanga wa taa yenyewe na kupitisha mng'ao huo tu. Oili ya kuchanganyia inang'aa vizuri. Oili chafu inang'aa pia, ila tabaka likiwa nene masizi yake humeza mwanga na kipimo kinashuka. Petroli tupu haionekani sawasawa kwa taa hii, maana kemikali zake nyepesi zinahitaji urujuanimno wa mawimbi mafupi zaidi, karibu nanomita 260, na LED za namna hiyo bei yake bado iko mbali nami. Sikuhangaika sana na hilo: petroli huruka hewani upesi, kinachobaki juu ya maji ni oili iliyochanganywa nayo.

Unene wa utando ndio ulionishangaza. Nchi zinazopakana na Bahari ya Kaskazini, huko Ulaya, zina kipimo cha kukadiria mafuta kwa sura yake juu ya maji, kinachoitwa Bonn. Utando wa rangi ya fedha una unene wa mikromita 0.04 hadi 0.3 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Wenye rangi za upinde wa mvua ni kuanzia 0.3 hadi 5. Kijiko cha chai cha oili, mililita 5, kikitandazwa kwa unene wa mikromita 0.1 kinafunika mita za mraba 50. Kwa hiyo zile rangi zinazowatisha watu ufukweni huweza kuwa mafuta machache mno, na doa dogo jeusi lisiloshtua mtu likawa limebeba mengi kupita yote.

Halafu nikatia povu la sabuni ya unga. Kipimo kikapanda hadi juu kabisa! Sabuni za unga zina kemikali ya kung'arisha nguo nyeupe, ileile inayofanya shati jeupe liwake chini ya taa za disko, na inawaka kwa buluu karibu sawa na oili. Mfereji wa maji ya kufulia ukishuka pwani, sensa yenye jicho moja itaapa kwamba kuna mafuta.

Masika

Mvua zimeteremsha maji ya Mkulumuzi na Zigi hadi ghubani, yamekuwa rangi ya chai. Majani na mizizi iliyooza huko juu, pamoja na mikoko, hutoa kemikali zinazoyeyuka na kung'aa kwa buluu chini ya urujuanimno. Mng'ao wa maji yenyewe umepanda na haushuki, hata pasipo na boti hata moja.

Hapa ndipo fotodayodi ya pili ilipoanza kulipa. Kazi yake ni kupima mwanga unaoakisiwa na uso wa maji. Maji yakimulikwa kutoka juu moja kwa moja huakisi asilimia 2 hivi ya mwanga; oili na dizeli huakisi kati ya asilimia 3 na 4. Kilichoyeyuka ndani ya maji, kiwe sabuni au rangi ya majani, kinapandisha mng'ao bila kugusa mwakisiko. Utando unaoelea juu hupandisha vyote viwili. Programu sasa haiandiki "utando" mpaka vyote vipande pamoja.

Jua la mchana nimelishinda kwa kuwasha na kuzima taa mara elfu moja kwa sekunde: bodi inasoma taa ikiwaka, inasoma ikizimwa, inatoa cha pili kwenye cha kwanza. Usiku bado ni safi zaidi.

Mawimbi yamenipa dalili ya tatu ambayo sikuitafuta. Viwimbi vidogo vinafanya mwakisiko uruke-ruke, na utando unapopita mruko unapungua, maana mafuta hutuliza viwimbi. Wavuvi wanalijua hili kwa macho. Wanakuonyesha kipande cha bahari kilicholainika kama kioo na kukuambia pamepita kitu. Benjamin Franklin alilichapishia maandishi mwaka 1774, baada ya kumwaga mafuta kidogo kwenye bwawa la Clapham, London. Sasa ninahifadhi mruko wenyewe kama kipimo kinachojitegemea.

Kusi limeshika

Asubuhi moja dalili zote tatu zilijitokeza kwa pamoja, kwa nguvu, na hapakuwa na boti ya mashine karibu. Nilimkuta mzee mmoja fundi wa mashua amekaa kivulini anapasua pamba ya kalafati, ya kuziba nyufa za mashua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini humo majini?"

Nikamweleza. Akacheka kwa upole, akaniashiria mashua iliyoshushwa majini alfajiri. "Hiyo ni sifa. Tumeipaka jana. Mbao zisipokula sifa zinapasuka."

Sifa, mafuta ya maini ya papa! Yanaelea, yanaakisi, yanatuliza viwimbi, na yana vitamini A nyingi ambayo nayo hung'aa chini ya urujuanimno. Mzee alinijazia kichupa, nikarudi nacho kwenye karai.

Tofauti ipo, na ni nzuri. Mng'ao wa vitamini A haudumu: urujuanimno wenyewe unaiharibu, ukaona mwanga unafifia taa ikiendelea kuwaka palepale. Oili ya mashine iliyomulikwa hivyohivyo haikuonyesha kufifia kwa namna hiyo.

Jambo hili nalibeba kwa uzito. Kifaa kinachopiga kelele kwa kila kinachong'aa ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa, kwa sababu lawama itawaangukia watu wa diko. Mwenye mashua anayeutunza ubao wake kama babu yake alivyoutunza hawezi kuwekwa kundi moja na anayemwaga oili chafu ghubani. Hata kule mikokoni kuna utando wenye rangi za upinde wa mvua unaotokana na bakteria wa chuma, usio na tone la mafuta. Ukiuchokoa kwa kijiti unavunjika vipande na haurudi kuungana, wakati wa mafuta hufumba palepale.

Yanayofuata

Naulizwa sana kuhusu Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia pale ng'ambo, na mafuta yake ni ya nta, husafirishwa yakiwa yamepashwa joto hadi nyuzi 50 hivi ili yasigande. Yakiingia kwenye maji ya bahari yetu yataelekea kuwa mabonge, si utando mwembamba. Boya langu halikutengenezwa kwa hilo na sitaki mtu alitegemee kwa hilo. Mabonge yanahitaji kamera na macho ya watu.

Kazi iliyobaki kwangu ni kuitenga sifa na oili baharini. Kwenye karai maji yametulia, ila chini ya boya utando unapita kabla mng'ao haujapata nafasi ya kufifia. Nimechora pete ya plastiki inayoshushwa na mota ndogo ya servo na kuzingira maji yaliyo chini ya taa, ikae hapo taa ikiwaka, kisha ipandishwe. Pete nimeshaikata. Mota niliyonayo haizuii maji, kwa hiyo nitaifunga ndani ya kopo lenye grisi na kuijaribu kwanza kwenye karai, kabla bamvua lijalo halijaingia.