Sanje: picha za maporomoko bila kuyageuza maziwa

Wengi tukisikia mbuga za Morogoro akili inaenda Mikumi, unapita na basi unaona twiga pembeni ya barabara kuu, unasonga zako Iringa. Sasa safari ijayo ukifika Mikumi mjini kata kushoto, shika barabara ya Ifakara, vuka Kidatu, pita miwa na miwa tena na miwa, mpaka mkono wa kulia uone mlima umesimama wima umefunikwa msitu kuanzia chini mpaka juu. Hiyo ndo Udzungwa. Imekua hifadhi ya taifa tangu 1992 na kitu ninachokipenda sana ni kwamba humo ndani hamna habari ya kuzunguka na gari, ni miguu yako tu. Na maporomoko ya Sanje yako humo, maji yanashuka kwa ngazi tatu, jumla kama mita 170 hivi.

Tulienda mi na rafiki yangu, yeye ana simu tu mi nina kamera, tukalala Mikumi mjini ili asubuhi tuwahi. Malipo unafanya Mang'ula, kwenye lango la hifadhi, kwa kontrol namba, unapewa mtu wa kukuongoza, afu unarudi nyuma kidogo mpaka kijiji cha Sanje ndo unaanza kupanda. Na ni kupanda kweli jamani, msitu umefunga, joto la unyevu, jasho linatoka hata kabla hujachoka. Muongozaji wetu akatuambia mapema kabisa, "Dada zangu, picha mtapiga sana huko juu, hapa angalieni mguu unakanyaga wapi." Njiani mbega wekundu walikua wanaruka juu ya vichwa vyetu, ila yule kima maarufu wa hapa, Sanje mangabei, tulimsikia tu. Huyu kima hapatikani popote duniani nje ya milima ya Udzungwa na wanasayansi wamekuja kumtambua 1979 tu, wakati wenyeji walikua wanaishi nae siku zote.

Haya, tuje kwenye picha, mana ndo nilichokuja kuandika.

Cha kwanza ni saa. Huu upande wa mlima unatazama mashariki, bonde la Kilombero liko mbele yake, kwahiyo jua la asubuhi linapiga maji moja kwa moja na mchana ukishasogea mlima wenyewe unaweka kivuli. Ukitaka upinde wa mvua nenda asubuhi. Upinde hauji kwa bahati, jua likae mgongoni kwako, angalia kivuli cha kichwa chako kimeangukia wapi, upinde unauzunguka huo uelekeo kwa nyuzi (digrii) kama 42. Sema kwetu huku jua linapanda haraka, ikifika saa nne watu wanatazama juu kwenye maji wanasema upinde hamna, kumbe umeshashuka, uko kwenye rasharasha chini ya usawa wa macho. Simama juu ya jiwe utazame chini kule maji yanapopiga dimbwi, utauona. Rafiki yangu aliupata kwa simu, mzima, umekatiza dimbwi kutoka jiwe mpaka jiwe, mpaka leo ndo picha yake ya wasap.

Cha pili ni mwendo wa shata, yani muda kamera inaacha mwanga uingie, na hapa nina neno. Kila ukifungua Insta maporomoko yote ya dunia hii yanafanana, mtu kaweka tripodi (stendi ya miguu mitatu), kaacha shata wazi sekunde mbili tatu, maji yamekua kama maziwa yamemwagika kwenye jabali. Kwa kijito kidogo kinachopita kwenye makangaga sawa, inapendeza. Lakini Sanje ukisimama chini yake unaisikia kifuani, upepo wa maji unakusukuma nguo, sasa ukiyafanya maji laini hivyo umeondoa kile kitu kilichokufanya upande mlima wote ule. Mi nabaki kwenye moja ya nane, au moja ya kumi ya sekunde, hapo maji yanavutika kidogo lakini bado unaona nyuzi nyuzi zake na yale mabonge yanayoachia kwenye mwamba na kutawanyika yakiwa hewani. Jua likiwa kali huwezi kufika hapo hivi hivi, nilikua na ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga, nimeuweka chini), f/11 (tundu la lenzi limebanwa), polaraiza, ile filta ya kukata mng'ao, na filta ya ND8, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, na ndo ikanipa moja ya kumi. Wingu likifunika unatoa ND unabaki na polaraiza, hiyo usiitoe, inaondoa ule mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa na kijani kinakolea chenyewe bila kuhangaika na editi nyumbani.

Halafu punguza mwanga kidogo. Msitu ni giza na maji ni meupe, kamera inaangalia msitu inaongeza mwanga, maji yanaungua yanabaki doa jeupe na hamna programu itakayokurudishia. Sehemu za giza utaziongezea mwanga baadae kwenye editi.

Wenye simu msijione wanyonge. iPhone ukipiga ikiwa kwenye Laivu (Live Photo, picha inayotembea kidogo) unaweza baadae kuichagulia ile ya ekspoja ndefu, inayoyavuta maji kama shata iliyoachwa wazi, na Android nyingi zina modi ya pro, humo unapanga shata mwenyewe. Egemeza simu kwenye jiwe kavu na weka taima ili kidole kisiitikise.

Rasharasha ndo adui. Nilifunika kamera na kitenge, lenzi inatazama chini, napanga kila kitu nikiwa nimegeuka mgongo, nageuka nafuta napiga mara moja nageuka tena. Kitambaa kimoja hakitoshi mana kinalowa ndani ya dakika chache.

Na weka mtu kwenye picha. Bila mtu mita 170 zinaweza kuonekana kama bomba limepasuka ukutani. Rafiki yangu alikua na mtandio mwekundu, nikamuomba akasimame mbali kwenye jiwe ambalo muongozaji alituonyesha ni salama, akawa kanukta kekundu pale chini na ghafla ukuta wote ukapata ukubwa wake. Hiyo ndo nimeichapisha kubwa.

Baada ya masika maji ni mengi zaidi ila njia inateleza, kiangazi njia nzuri maji yanapungua, chagua mwenyewe. Droni acha nyumbani kama huna kibali cha hifadhi. Viatu vyenye meno, nguo ya kuogelea kwa ajili ya dimbwi, maji ya kunywa ya kutosha, na mwambie muongozaji tangu mwanzo kwamba umekuja kwa ajili ya picha, atapanga mwendo tofauti kabisa.