Mbwa Anayepima Kabla ya Kutii

Nikimwita Subira kutoka mlango wa jikoni, haji papo hapo. Huinua kichwa, hunitazama, hugeuza macho kuelekea getini, kisha hunitazama tena, na baada ya kuridhika kwamba hakuna kinachohitaji kuangaliwa upande ule, ndipo anaponyanyuka na kunijia kwa hatua zake nzito. Wageni wengi huuita ukaidi. Mimi mwenyewe niliuita hivyo kwa mwaka mzima wa kwanza, na kwa sababu hiyo nilimkosea mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Subira ni boerboel, aina ya mbwa mkubwa wa ulinzi kutoka Afrika Kusini, jike wa miaka sita, rangi ya mchanga mwekundu, uso mweusi kuanzia puani hadi chini ya macho, na mara ya mwisho alipopimwa alikuwa na kilo 58. Kwa aina yake huo si uzito wa ajabu. Dume anayekubalika hufika kama sentimita 66 mabegani na jike 61, na uzito huanzia kilo 50 hivi hadi 80. Kichwa ni kipana, shingo imejaa, manyoya ni mafupi na hayahitaji kazi kubwa: brashi mara moja kwa wiki inatosha.

Ili kumwelewa mbwa huyu, ni lazima kwanza kuelewa alikotoka. Jina boerboel ni la Kiafrikana, na kwa ufupi linamaanisha mbwa wa mkulima. Tangu Waholanzi walipoweka kituo chao Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na walowezi wa Kiingereza walipofuata kwa wingi mwaka 1820, mbwa wakubwa wa Ulaya waliingizwa Afrika Kusini na kuzaliana humo. Na katika mashamba ya bara, ambako jirani alikuwa mbali na msaada mbali zaidi, alitunzwa yule tu aliyefaa, yaani aliyeweza kulinda nyumba wakati mwenye shamba yuko malishoni, kumkabili chui, kumzuia ng'ombe aliyetoroka, kisha jioni akalala katikati ya watoto bila kumdhuru yeyote. Baadaye damu ilichanganyika sana, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Lucas van der Merwe wa Kroonstad na Jannie Bouwer wa Bedford walipozunguka nchi kwa safari ya takriban kilometa 5,500 wakitafuta mbwa wa asili waliobaki. Walikagua mbwa wapatao 250 na kuwakubali 72 tu waandikishwe. Chama cha wafugaji kiliundwa mwaka 1983 huko Senekal, katika jimbo la Free State.

Ninasimulia historia hii kwa sababu moja. Mbwa aliyechaguliwa kwa vizazi vingi ili aamue mwenyewe wakati hakuna mtu wa kumwamuru hawezi leo kugeuka mashine ya kutii. Ule muda anaosimama na kupima kabla ya kuja ndio hasa walioutafuta wakulima wale.

Mimi sikulijua hilo. Subira alipofikisha miezi kumi na kuanza kupuuza wito, nilimwajiri mtu aliyejitangaza kuwa fundi wa kufundisha mbwa. Alikuja na mnyororo na fimbo. Siku ya pili Subira alilala chini katikati ya uwanja na kukataa kabisa kuinuka, bila kunguruma na bila kuonyesha meno, huku mtu yule akimchapa ubavuni. Nilimsimamisha na kumlipa aende zake, lakini nilikuwa nimechelewa. Kwa wiki tatu baada ya hapo, kila nilipoinua fagio la uani, mbwa wangu alihama upande wa pili wa nyumba.

Kilichofanikiwa kilikuwa kitu kidogo na cha kuchosha: dakika tano asubuhi, dakika tano jioni, na vipande vya maini ya ng'ombe yaliyochemshwa, vya ukubwa wa punje ya mahindi. Kabla ya hapo ilibidi tujirekebishe sisi wenyewe, maana niligundua kwamba mama alimwambia «toka», watoto walimwambia «ondoka», na mimi nilimwambia «sogea», wote tukitaka jambo lile lile. Tukakubaliana neno moja. Vilevile tuliacha kumwambia «subiri», kwa kuwa linakaribiana mno na jina lake, tukatumia «tulia». Baada ya mwezi mmoja alikuwa anakaa kabla ya geti kufunguliwa. Bado anapima, lakini sasa anaamini kwamba ninapomwita nina sababu.

Kazi nyingine ambayo haingojei ni kumzoesha dunia. Akili ya mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi zaidi kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, na kwa bahati mbaya huo ndio wakati ambao chanjo zake hazijakamilika na ugonjwa wa parvo unaweza kumuua kwa siku chache. Sisi tulimbeba. Jioni nyingi nilikwenda naye mikononi hadi kijiwe cha bodaboda pale Ngaramtoni, akasikia pikipiki zikiwashwa, akawanusa watoto wa shule, akaona mama wa genge na mwavuli wake, bila kukanyaga chini mahali ambapo mbwa wengine wamepita. Mbwa wa kilo 58 anayeogopa mwavuli ni hatari kwa watu wote.

Kuhusu chakula, kosa kubwa ninaloliona ni haraka ya kumtaka awe mkubwa. Nilishauriwa kumwongezea unga wa mifupa na maziwa mengi ili «ajenge mifupa», na ninashukuru kwamba daktari wa mifugo alinizuia mapema, kwa sababu mtoto wa mbwa wa aina kubwa hawezi kuizuia vizuri kalsiamu inayozidi, na ziada hiyo huiharibu mifupa na viungo vinavyokua. Mbavu zake ziguswe kirahisi kwa vidole, na asirukishwe wala kukimbizwa kwenye ngazi kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu. Nyonga na viwiko ndivyo sehemu dhaifu za aina hii, kwa hiyo anayenunua aombe kuona picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. Sasa Subira hula mara mbili kwa siku, kisha hupumzika. Mbwa mwenye kifua kirefu kama chake anaweza kujaa gesi hadi tumbo likajipinda. Ukimwona ana tumbo gumu kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usisubiri asubuhi.

Viwiko vyake vilinifundisha jambo lingine. Banda nililomjengea lilikuwa na sakafu ya sementi, safi na rahisi kuoshwa, na baada ya miezi michache ngozi ya viwiko ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu, kisha upande wa kushoto ukavimba, ukajaa maji, ukawa kama limau chini ya ngozi. Uzito mkubwa ukilala juu ya sementi kila usiku, hayo ndiyo matokeo. Tulishona gunia mbili pamoja, tukajaza majani makavu, na sasa tunayabadilisha kila yanapobonyea. Uvimbe uliisha. Ugumu wa ngozi umebaki, nami huupaka mafuta ya nazi.

Kupe ndio adui wa masika. Aprili mwaka jana Subira aliacha dagaa wake kwenye bakuli, jambo ambalo halijawahi kutokea, nami nikainua mdomo wake wa juu na kukuta ufizi umepauka kabisa. Mkojo wake jioni ile ulikuwa wa rangi ya chai ya rangi. Tulimpeleka kwa daktari usiku ule ule, vijidudu vinavyoletwa na kupe vikaonekana kwenye damu yake, akachomwa sindano, na siku ya tatu aliinuka mwenyewe. Tangu hapo dawa ya kupe haikosi tarehe yake, na kila jioni ya mvua ninampapasa katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka, bila mjadala.

Kwa wageni, hafanyi fujo akiona nimewapokea. Hata hivyo simwachi peke yake na mtu asiyemzoea, na geti letu lina komeo mbili. Denmark ilipiga marufuku aina hii mwaka 2010. Sikubaliani na uamuzi ule, ila naielewa hofu iliyouzaa, kwa sababu nguvu ya taya zile mikononi mwa mtu mzembe si jambo la kuchezea.

Wiki iliyopita mtu alinipigia simu akitaka mtoto wa Subira wa kumfunga kwenye kiwanja anachojenga huko Kisongo. Nilimweleza kwamba Subira alifungwa kizazi akiwa na miaka miwili, na kwamba hata angekuwa na watoto kumi nisingetoa mmoja akae kwenye mnyororo bila mtu wa kumtazama usoni. Akaniuliza sasa afanye nini na saruji yake. Nilimshauri aajiri mlinzi, na mbwa aje siku familia itakapohamia.