Kiwavi wa kwenye gemu: pa kukanyaga na pa kuogopa

Kila kiwavi au mnyoo mkubwa kwenye gemu za kurukaruka anakuuliza swali moja tu: kichwa, mgongo, au mkia? Ukilijibu sawa, bosi, yaani adui mkubwa wa kuzuia njia, anakufa kabla chai haijapoa. Ukikosea, utaganda hapo hapo mpaka adhana ya magharibi. Vijana wengi kwenye vibanda vya gemu, uwe Michenzani au Chake, wanamalizwa na viwavi kwa sababu wamezoeshwa vibaya na Goomba, yule uyoga wa Mario: ukimkanyaga, kwisha. Kiwavi hana adabu hiyo. Mwili wake ni mrefu, una pingili kama muwa, na si kila pingili ina sheria ile ile.

Tuanze na Wiggler, maana ndiye babu yao. Alitokea mara ya kwanza kwenye Super Mario World ya mwaka 1990, manjano, mpole, ua kichwani. Makao yake hasa ni Forest of Illusion, eneo la msitu ndani ya gemu hiyo. Ukimkanyaga hafi: ua linaanguka, anageuka mwekundu, anaongeza mwendo na kuanza kukufuata. Hapa ndipo wengi wanaporudi kumkanyaga tena kwa hasira, wanamkuta keshageuka, wanapigwa. Kumkanyaga ni njia ya kupita juu yake, si ya kumuua. Shikilia kitufe cha kuruka unapomtua mgongoni, usikigonge tu na kukiachia, utarushwa juu zaidi na utafika kwenye kibao au bomba ambalo mruko wa kawaida haulifikii. Ukitaka afe kweli, mtupie gamba la kobe, au mpitie ukiwa na nyota.

Jambo jingine la Forest of Illusion ambalo watu wa visiwani tunalijua kwa uchungu kuliko wengine: Super Mario World haihifadhi popote utakapo. Inahifadhi ukimaliza ngome, nyumba ya mizimu, au jumba la swichi. Msitu ule unakuzungusha, njia zake za kawaida zinakurudisha ulikotoka, na lazima utafute milango ya siri. Kwa hiyo ukishaingia, elekea Forest Ghost House mapema na uimalize, ndipo urudi kuhangaika na viwavi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, unaanzia kule nyuma.

Kwenye Super Mario 64 ya 1996 Wiggler akawa bosi, na tatizo la kwanza si kumpiga, ni kumfikia. Yuko Tiny-Huge Island, ambayo ni kisiwa kimoja chenye sura mbili, kidogo na kikubwa. Nenda kwanza upande wa kisiwa kidogo, panda kileleni, pale kwenye kidimbwi ruka ujigonge chini kwa makalio. Maji yanakauka. Kisha pita kwenye bomba uende upande wa kisiwa kikubwa, panda kilele kile kile, tumbukia kwenye tundu. Wiggler anakulalamikia kuwa maji yamemwingilia nyumbani, na kusema kweli ana haki, umemharibia wewe mwenyewe. Mapigo ni matatu. Lenga kichwa. Baada ya kila pigo anakimbia hovyo kwa kasi zaidi, na kosa la kawaida ni kumkimbiza kwa nyuma: unauvaa mwili wake unapokata kona. Simama karibu na katikati ya chumba, mwache azunguke, geuza kamera mpaka uone uso wake unakuja, ndipo uruke. Pigo la tatu likitua ananywea na kupenya kwenye nondo za sakafuni, nyota inabaki yako.

Super Mario Sunshine ya 2002 iliona kwamba kukanyaga kumezoeleka, ikabadilisha. Pale Gelato Beach Wiggler anakimbia huku na huku mchangani kama treni, na ukimrukia akiwa kwenye mwendo unaumia bure. Ufukweni kuna vichipukizi vinavyovimba vikinyunyiziwa maji. Kinyunyizie kimoja kwenye njia yake muda mfupi kabla hajafika. Mchanga unainuka, anajikwaa, anapinduka chali. Hapo sasa mrukie tumboni na ujigonge. Mara tatu. Ukinyunyizia mapema mno, kilima kinashuka kabla yake. Ukichelewa, anakupitia wewe. Kaa pembeni ya kichipukizi, kamwe usikae nyuma yake, ili hata ukikosea treni ikupite ubavuni.

Halafu Super Mario Odyssey ya 2017 ikakupa kiwavi umwendeshe mwenyewe. Kwenye Lost Kingdom unamtupia kofia yule Wiggler wa kitropiki, unakuwa yeye. Ukishikilia kitufe anarefuka kama kodiani ya taarabu, ukiachia, nyuma inafuata mbele. Chini yako kuna sumu. Uzuri wake ni kwamba akiwa anarefuka unaweza kumkunja kwenye kona, akapita nyuma ya ukuta na kutokea upande wa pili. Usiachie kitufe kabla kichwa hakijafika penye ardhi ya kukishika. Hapo jibu la lile swali letu ni kichwa, ila safari hii kichwa ni chako.

Sonic, shujaa wa gemu nyingine ya kukimbia kasi, ana adui ambaye ni ndugu yao wa chuma, Caterkiller, kwenye gemu yake ya kwanza ya 1991, maeneo ya Marble Zone na Scrap Brain. Huyu ni yule kiwavi wa mwembeni anayewasha: mgongo wote miiba. Sonic amekufundisha kwamba ukijiviringisha wewe ni risasi, kila kitu kinapasuka. Kwa Caterkiller hapana. Ukimgusa pingili ya mgongoni hata ukiwa umejiviringisha, pete ulizookota, ambazo ndizo kinga yako, zinamwagika. Kichwa tu ndicho laini. Basi usimwendee kwa kujiviringisha chini kwa chini. Simama, tazama anavyojikunja na kujinyoosha, ruka wima, tua kichwani. Inachukua sekunde mbili. Kwenye Sonic, sekunde mbili za kusimama zinauma kuliko miiba, najua.

Kwa upande wa minyoo usiopigana nao kabisa nitasema kidogo tu, kwa sababu hakuna ufundi mwingi. Garpede wa gemu ya Hollow Knight, kwenye eneo la Deepnest, ni tandu mkubwa anayepita kwenye mahandaki yake. Hauawi, jibanze kwenye upenyo, apite, uende. Mnyoo wa mchangani wa gemu ya Ori and the Will of the Wisps anakufukuza tu mpaka utoke Windtorn Ruins, na anayekufa pale aghalabu ni yule aliyegeuka kutazama nyuma. Macho mbele.

Sasa Terraria, gemu ya kuchimba na kujenga, ambayo ipo kwenye simu na ndiyo naona wengi wameibeba mfukoni. Mnyoo wake wa kwanza mkubwa ni Eater of Worlds, anaishi kwenye ardhi iliyooza inayoitwa Corruption. Dunia yako ikiwa na Crimson, aina nyingine ya ardhi mbaya, badala yake, huyu humpati, unapata bosi mwingine. Kuna njia mbili za kumwita. Ya kwanza ni kuvunja Shadow Orb tatu, zile tufe za zambarau chini kabisa ya mashimo. Kila ya tatu ikivunjika, anakuja, uwe tayari usiwe tayari. Ya pili ni kumpikia chakula chake, Worm Food, na hii ndiyo ninayoipendekeza maana unachagua saa. Unahitaji Rotten Chunk 15, zinazodondoshwa na wadudu wa huko huko, na Vile Powder 30. Uyoga mmoja wa Vile Mushroom ukiutwanga penye chupa iliyowekwa mezani unatoa unga 5, kwa hiyo chuma uyoga 6. Vyote vichanganye kwenye Demon Altar, madhabahu yanayopatikana huko huko. Kisha kitumie chakula hicho ukiwa ndani ya Corruption, nje yake hakifanyi kazi.

Kinachowashangaza watu ni hiki: kila pingili ya mnyoo huyu ina uhai wake. Ukiikata ya katikati hafi, anakuwa wawili, kila mmoja na kichwa chake. Ukipiga ovyo ovyo utajikuta na minyoo sita midogo inayokuja kutoka pande zote, na simu ya bei nafuu itaanza kukokota. Chagua moja kati ya mawili. Ama ushikilie ncha moja uimalize pingili baada ya pingili, ama utumie silaha inayopenya, kwa mfano Vilethorn au mishale ya Jester, inayopiga pingili nyingi kwa mstari mmoja anapokunyookea. Panga au upanga mfupi mwachie mwenye roho ngumu. Kumbuka pia kwamba akiwa ndani ya udongo anakata kona atakavyo, lakini akitoka hewani anarushwa na kuanguka kama jiwe lililotupwa. Anapoibuka, sogea upande mmoja, mpige anaposhuka, usimfukuze akizama. Na usihuzunike ukifa katikati ya pambano: magamba ya Shadow Scale na madini ya Demonite vinadondoka pingili kwa pingili, ulivyokwisha kuokota si kazi bure. Sururu ya Nightmare Pickaxe inataka Shadow Scale 6 na vipande 12 vya Demonite iliyoyeyushwa, hesabu mapema.

Mbele huko kuna mnyoo wa chuma, The Destroyer, anayekuja usiku tu. Huyo hakatiki vipande, uhai wake ni mmoja, 80,000 kwenye hali ya kawaida, kwa hiyo silaha inayopenya kwake ni neema tupu: pingili kumi zikipigwa, zote zinapunguza kibubu kile kile.

Kuna swali linaloulizwa sana: mbona mashine za zamani za kaseti hazikuwa na minyoo mirefu iliyolala? Jibu liko kwenye hesabu. NES, mashine ya zamani ya Nintendo, inaweza kuchora vipande 64 vya picha kwenye skrini, lakini 8 tu kwenye mstari mmoja wa mlalo, kila kimoja upana wa pikseli (vidoa vya skrini) 8. Pingili yenye upana wa pikseli 16 inakula viwili. Pingili nne zikilala sawasawa, mstari umejaa, na mchezaji mwenyewe akisimama kando anaanza kumetameta au kukatika. SNES, mashine iliyoifuata, ilipofika na vipande 128, 32 kwa mstari, kiwavi akapata nafasi ya kujinyoosha.

Kwa wanaotaka kumtengeneza wa kwao, Godot, programu ya kutengenezea gemu, ni bure na inafanya kazi hata kwenye simu ya Android. Njia nyepesi ni kumbukumbu ya nyayo. Kichwa kinatembea, kila hatua unaandika kilipo kwenye orodha, na pingili za nyuma zinasoma nyayo za zamani. Tuseme kichwa kinakwenda pikseli 1 kwa fremu (kila skrini inapochorwa upya), unataka pingili ziachane pikseli 12, na ziko nne. Ya kwanza inasoma nyayo ya fremu 12 zilizopita, ya pili 24, kisha 36, kisha 48. Orodha yenye nafasi 64 inatosha, ikijaa inaanza kujiandika upya mwanzoni. Chora kuanzia mkia kuja kichwani, la sivyo shingo itafunika uso.

Tatizo linakuja kiwavi akikasirika. Mwendo ukiwa pikseli 2 kwa fremu, fremu 12 ni pikseli 24, na pingili yako ina upana wa 16. Pengo la 8 limefunguka, mguu wa mchezaji unapita katikati, anakufa na kukutukana. Akisimama ni kinyume: nyayo zote zinaandikwa mahali pamoja, mkia unaingia kichwani, kiwavi anakuwa mpira. Dawa ni moja. Usiandike nyayo kwa fremu, andika kwa kila pikseli iliyotembewa. Akienda 2, andika mbili. Akisimama, usiandike kitu.

Mgongo ukiwa wa kupandwa, fuata mpangilio huu kila fremu: msogeze kiwavi, umwongezee mchezaji kiasi kile kile ambacho pingili aliyosimamia imesogea, ndipo usome vitufe vyake, ndipo uangalie migongano. Ukigeuza mpangilio, mchezaji atatetemeka mgongoni kama abiria wa mwisho kwenye daladala. Mgongo umzuie tu anaposhuka, akitokea chini umwache apite. Na kipima muda cha kuumia kiwe kimoja kwa mwili mzima, fremu 30 hivi. Ukikiweka kwa kila pingili, mruko mmoja utagusa mbili na bosi wa mapigo matatu atakufa kwa mawili.

Kabla hujampa mtu, jaribu gemu kwa fremu 60 kwa sekunde, kisha ilazimishe 30. Kwenye simu yako kiwavi anaweza kuwa mzima kabisa, na kwenye simu ya jirani akavutika kama lastiki. Ukiona hivyo, kuna mahali bado unaandika nyayo kwa fremu.