Mjomba na Gurudumu la Two Rivers

Mwaka 2018 mjomba wangu alikuja Nairobi kwa treni ya Madaraka Express kutoka Voi. Alikuwa amestaafu karakana ya reli zamani, na Nairobi aliyoijua ilikuwa ya Muthurwa na Makongeni, mitaa ya wafanyakazi wa reli. Nilitaka kumpandisha juu ya KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya jiji, akakataa. "Ile niliipanda ikiwa mpya," akasema. Kweli, ilifunguliwa 1973, yeye kijana kazini. Basi nikampeleka Two Rivers, jengo la maduka lililokuwa na mwaka mmoja tu tangu lifunguliwe.

Matatu ya Ruaka ilitushusha Barabara ya Limuru. Wanangu walikimbilia foleni ya gurudumu, lile kubwa la kuzungusha watu juu hewani. Mjomba alisimama chini ya nguzo, mikono mgongoni, akikagua boliti moja moja na kutega sikio. Nikadhani anaogopa, nikamwambia tunaweza kukaa chini tunywe soda. Alinitazama kama mwanagenzi aliyeshika spana vibaya.

Tukakata tiketi. Behewa letu lilipanda kidogo likasimama, likapanda tena, likasimama. Binti yangu akaning'ang'ania mkono.

"Wanapakia," mjomba akamwambia. "Ukijaza upande mmoja, injini inateseka. Wakisawazisha uzito, anayeshuka anamsaidia anayepanda."

Akauliza nani alilitunga dude hili. Nikamsomea kwenye simu: Mmarekani George Ferris, Chicago, 1893, kimo kama mita 80, mabehewa 36, kila moja watu 60.

"Sitini? Hilo ni behewa kweli," akasema, akigonga kiti chetu cha watu wachache kwa dharau kidogo.

Huko juu, niseme ukweli, anayetaka kuliona jiji asijisumbue, aende KICC. Maghorofa ya mjini na ya Upper Hill yako mbali kusini, madogo. Kinachojaa machoni ni miti ya Runda na Gigiri, mitaa ya matajiri, kisha Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania hadi kupigwa mwaka 1999. Ukigeuka upande wa pili unakutana na Ruaka: nyumba za kupangisha zimebanana, nguo zimeanikwa kila roshani. Kati ya mapaa ya Runda na kamba hizo za nguo ni mwendo wa dakika chache tu. Mimi naishi upande wa kamba, kwa hiyo nilitazama sana huku kwingine.

Mjomba hakutazama kokote. Macho yalikuwa kwenye kitovu cha gurudumu, ekseli inavyobeba mzigo wote ule. Tulipokaribia kushuka ndipo akauliza, "Muthurwa iko wapi?" Nikamwonyesha kushoto kwa yale maghorofa. Akakaza macho huko mpaka miti ikatuziba.

Chini, watoto wakataka tena. Mjomba alitoa pesa mwenyewe, lakini yeye hakupanda. Alibaki na kijana wa mitambo. Tulipopita mara ya kwanza walikuwa wakizungumza. Mara ya pili mjomba alikuwa amepiga goti kando ya mashine, kijana akimmulikia kwa tochi ya simu, na watu wa foleni wameanza kunung'unika. Tuliposhuka alikuwa anafuta kidole kwa leso.

"Grisi wanaweka," akaniambia. "Ila ile beringi ya nyuma waiangalie. Nimemwambia."