Sotorasib na salfa moja ya KRAS

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huniuliza kifungo kovalenti, yaani kile ambacho atomi mbili hushirikiana elektroni, kina manufaa gani nje ya chumba cha mtihani, na siku hizi jibu langu ni sotorasib, dawa ya saratani ya mapafu iliyoidhinishwa Marekani tarehe 28 Mei 2021.

Dawa hiyo inalenga KRAS, protini ndogo inayokaa upande wa ndani wa utando wa seli na kupitisha amri ya kukua. Ikiwa imeshika GTP, molekuli ndogo yenye fosfati tatu, amri inapita. Ikishaikata GTP na kubaki na GDP, yenye fosfati mbili, inatulia. Familia hii ya protini ilihusishwa na saratani za binadamu tangu 1982, lakini kwa miongo mitatu hakuna dawa iliyofua dafu mbele yake, kwa sababu KRAS inaing'ang'ania GTP kwa nguvu isiyo ya kawaida, seli nayo imejaa GTP, na uso wa protini yenyewe haukuonyesha shimo ambamo dawa ingeweza kujishikiza.

Njia ilipatikana katika kasoro yenyewe. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa waliovuta sigara, herufi moja ya jeni hubadilika kutoka G kuwa T, na asidi amino ya 12 katika mnyororo unaounda protini, ambayo kwa kawaida ni glaisini, inakuwa sisteini. Glaisini haina cha ziada ila hidrojeni. Sisteini ina salfa, na salfa hupenda kutoa elektroni zake. Mwaka 2013 kundi la Kevan Shokat, katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilionyesha kwamba molekuli zinazoungana na salfa hiyo hujipenyeza katika mfuko ambao hakuna aliyeuona kabla.

Sotorasib hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza hutulia ndani ya mfuko huo kwa nguvu hafifu tu, na hapo inaweza bado kutoka. Kisha salfa ya sisteini huishambulia kaboni iliyo mwishoni mwa kifungo maradufu cha dawa, kifungo kipya kati ya kaboni na salfa kinaundika, na dawa haitoki tena. Hatua ya kwanza ndiyo inayomlinda mgonjwa: mwili umejaa salfa za namna hiyo, lakini dawa ni mvivu wa kuungana nazo isipokuwa pale ambapo mfuko umeishikilia karibu kabisa na salfa husika. KRAS ya seli zenye afya, isiyo na sisteini mahali hapo, inaachwa iendelee na kazi yake.

Linalonivutia kuliko yote ni kwamba dawa huikamata protini ikiwa na GDP, yaani ikiwa imetulia. Wengi walidhani protini yenye kasoro haitulii kamwe, kumbe hii ya sisteini bado huikata GTP yenyewe, polepole, na kila inapofanya hivyo dawa inaiwahi na kuifunga isiweze kuchukua GTP nyingine. Ndiyo maana dozi ya mara moja kwa siku inatosha ingawa dawa hupungua katika damu baada ya saa chache: protini iliyokwisha fungwa haifunguki, na seli hulazimika kutengeneza mpya.

Katika jaribio lililotangulia idhini, uvimbe ulisinyaa kwa kiasi kikubwa katika asilimia 37 ya wagonjwa, na muda wa kati kabla ya ugonjwa kuendelea ulikuwa miezi 6.8. Ni hatua kubwa kwa ugonjwa huu, lakini miezi hiyo ni michache mno kwa familia inayouguza. Baadhi ya uvimbe hubadilisha asidi amino za kuta za mfuko, dawa ikakosa pa kukaa. Uvimbe mwingine huamsha vipokezi vya uso wa seli vinavyoisukuma KRAS ishike GTP kabla dawa haijaifikia, jambo linaloonekana sana katika saratani ya utumbo mpana, ambako sotorasib sasa hutolewa pamoja na panitumumab, dawa inayozuia kimojawapo cha vipokezi hivyo. Katika saratani ya kongosho kasoro iliyoenea zaidi huweka aspateti mahali pa glaisini, na aspateti haina salfa, kwa hiyo huko wanakemia wanatafuta namna nyingine ya kuishika KRAS.