Tasnifu ya uzamili katika fiziotherapia: nilianzia kwenye majedwali matupu

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu watu wenye magoti yaliyosagika wanaohudhuria kliniki za fiziotherapia mkoani Dodoma. Swali lilikuwa moja: je, kiasi ambacho goti linaweza kukunja kinaendana na jinsi mtu anavyomudu kuinuka na kutembea? Sura ya kwanza ya tasnifu ni utangulizi, lakini kazi sikuianzia huko. Kabla ya dodoso, kabla hata ya kukokotoa sampuli, nilichora majedwali ya sura ya matokeo yakiwa matupu: vichwa vya safu vimeandikwa, visanduku havina namba. La kwanza sifa za washiriki, la pili vipimo vya goti, la tatu uhusiano kati yao. Kisha kila kisanduku nikakitafutia swali au kifaa kitakachokijaza, na swali lolote lililokosa kisanduku nikalifuta kwenye dodoso. Madodoso mengi ya wanafunzi hunenepa kwa maswali ya aina hiyo. Mgonjwa anachoka, na majibu yake hayatokei popote kwenye tasnifu.

Kuamua nani anaingia kwenye utafiti nilitumia vigezo vya kikliniki vya Chuo cha Ruumatolojia (tiba ya magonjwa ya viungo) cha Marekani vya mwaka 1986: maumivu ya goti, pamoja na angalau vitatu kati ya vitu sita. Navyo ni umri zaidi ya miaka 50, ukakamavu wa asubuhi usiozidi nusu saa, goti kulia kwa mikwaruzo linapokunjwa, mfupa kuuma ukibonyezwa, mfupa kuvimba, na goti kutokuwa na joto. Faida yake ni kwamba eksirei haihitajiki. Ukitaka picha kwa ajili ya utafiti wako, kamati ya maadili itauliza nani analipa, na jibu haliwezi kuwa mgonjwa.

Halafu kuna suala la magoti mawili. Wagonjwa wengi huumwa yote, na kishawishi ni kupima yote mawili na kuhesabu kila goti kama mshiriki, ili sampuli ikue maradufu bila jasho. Hesabu za kawaida zinadhani kila kipimo kinajitegemea, na magoti ya mtu mmoja hayajitegemei. Chukua goti moja kwa kila mtu: linalouma zaidi kwa mizani ya 0 hadi 10, na yakilingana, kanuni iliyoandikwa mapema kwenye andiko la utafiti. Mimi niliandika "la kulia".

Sampuli ndiyo sehemu inayonakiliwa bila kufikiriwa kuliko zote. Namba 384 imezagaa kwenye tasnifu za afya kama pilau kwenye harusi. Inatokana na fomula ya kukadiria asilimia: 1.96 mara 1.96, mara 0.5, mara 0.5, kisha unagawa kwa 0.05 mara 0.05. Kama lengo lako ni kujua asilimia ngapi ya watu wana tatizo fulani, sawa. Mimi nilikuwa natafuta uhusiano kati ya vipimo viwili, na hapo fomula ni nyingine. Ukitarajia mgawo wa uhusiano wa 0.3, kwa nguvu (uwezekano wa kuugundua uhusiano kama upo) ya asilimia 80 na kiwango (uwezekano wa kuuona usipokuwepo) cha 0.05, unahitaji watu 85. Ukihofia asilimia 10 watakosekana, gawa 85 kwa 0.9 upate 95. Usizidishe kwa 1.1, maana hiyo inakupa 94, na 94 ukitoa asilimia 10 hawafiki 85. Ni tofauti ya mtu mmoja, ila mtahini wa takwimu ataiona.

Sasa goniometa, kifaa chenye mikono miwili cha kupimia pembe ya kiungo, ambako ndiko tasnifu za fani yetu huponea au kuzama. Mhimili unakaa juu ya kinundu cha nje cha paja pale gotini, mkono usiosogea unaelekea kwenye mfupa uliochomoza wa nyonga, na mkono unaosogea unafuata kifundo cha nje cha mguu. Mgonjwa analala chali na kuburuza kisigino kuelekea tako. Kasoro inayotokea mara nyingi ni nukta ya nyonga. Mama wa makamo anakuja na gauni refu na kanga mbili, mpimaji anaona haya, anakisia nyonga juu ya nguo, na namba tayari imepotoka. Weka pazia, mpe kanga safi ajifunike mwenyewe, na mwombe kwanza: "Mama, naomba nishike hapa pembeni ya nyonga, nione mfupa ulipo." Akikubali, tafuta mfupa kwa kidole, tia alama ya kalamu, ndipo uweke kifaa. Mpimaji wa kike kwa wagonjwa wa kike huondoa nusu ya shida.

Kasoro ya pili ni macho. Anayeshika goniometa akisoma mwenyewe, namba zinavutwa kuelekea 0 na 5: utaona 110, 115, 120 zikijirudia na 113 haipo kabisa. Nilitaka anayeshika asione namba. Msaidizi anasoma na kuandika, na kipimo kinarudiwa mara tatu kabla ya kuchukua wastani.

Kabla ya kuanza rasmi, wapimaji wawili wapime watu walewale, kila mmoja bila kuona namba za mwenzake, kisha makubaliano yao yakokotolewe kwa kipimo kinachoandikwa ICC. Wengi huishia kuripoti "ICC ilikuwa nzuri". Hiyo haitoshi, kwa sababu haikuambii makosa ni digrii ngapi. Tuseme ICC ni 0.91 na mkengeuko sanifu, yaani jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni digrii 12. Toa 0.91 kwenye 1 upate 0.09, kipeuo chake cha pili ni 0.3, mara 12 ni digrii 3.6. Hilo ndilo kosa la kipimo. Zidisha kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata takriban digrii 10. Maana yake, mgonjwa akitoka 105 kwenda 112 huwezi kudai goti limefunguka. Huenda ni mikono ya wapimaji tu. Mstari huu mmoja uliipa sura yangu ya mjadala nguvu kuliko marejeo yote niliyoyapanga.

Vipimo vya utendaji ni rahisi, ila viti vinakera. Kuinuka na kukaa kwa sekunde 30 kunataka kiti kisicho na mikono cha sentimita 43, mikono ya mgonjwa ikiwa imekunjwa kifuani. Kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa kunataka kiti chenye mikono cha kama sentimita 46. Viti vya plastiki vya kliniki huteleza na kubonyea. Egemeza kiti ukutani, pima kimo kwa futi kamba, na uhame na viti hivyohivyo kutoka kituo hadi kituo. Mstari wa mita 3 uweke kwa plasta, na upime upya kila asubuhi, kwa sababu wafanya usafi hupiga deki nayo ikabanduka.

Vibali vina mpangilio wake: kamati ya maadili kwanza, halafu mkoa, halafu halmashauri au mganga mfawidhi wa hospitali. Kila ofisi inataka nakala ya barua iliyotangulia, kwa hiyo tembea na nakala za ziada. Fomu ya ridhaa iwe na nafasi ya dole gumba na ya sahihi ya shahidi asiyehusika na utafiti. Kwa bibi anayeongea Kigogo zaidi kuliko Kiswahili, mkalimani apewe maneno yaliyokwisha kukubaliwa, si kutunga papo hapo.

Ratiba iangalie mvua. Kuanzia Desemba wazee wa Bahi, Chamwino na Kongwa wako shambani na mtama na uwele, na wanaofika kliniki ni wachache tena wa mjini. Sampuli itajaa kwa kusuasua, na itakuwa ya watu wa aina moja.

Kwenye kuingiza data, usitumie 99 kama alama ya jibu lililokosekana. Digrii 99 ni kipimo halali cha goti, na programu haitakushtua. Tumia 999, au acha wazi. Sekunde za kutembea hazigawanyiki sawasawa, kwani wachache wanaokwenda polepole sana huvuta wastani, hivyo ripoti kipimo cha kati na utumie uhusiano wa Spearman, unaotazama nafasi za namba kwa mpangilio badala ya namba zenyewe. Programu ikikuandikia p (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu) ni 0.000, wewe andika p ni chini ya 0.001.

Kuandika nilianza na mbinu, nikihamisha andiko kutoka wakati ujao kwenda uliopita na kurekebisha kila kilichofanyika tofauti na ahadi. Kisha matokeo, mjadala, utangulizi, na ikisiri mwisho kabisa. Orodha ya STROBE, mwongozo wa kuripoti tafiti za uchunguzi, yenye vipengele 22 niliijaza kwa namba za kurasa, kwani ndiyo inayofichua usichokisema. Kwa msimamizi sikutuma sura na neno "naomba maoni". "Daktari, shikamoo. Naomba unisaidie mambo mawili: jedwali la 3 na aya ya pili ya mjadala." Swali dogo hujibiwa mapema.

Baada ya utetezi, masahihisho yaweke kwenye jedwali la safu nne: hoja ya mtahini kwa maneno yake, ulichofanya, ukurasa wa zamani, ukurasa mpya. Hoja usiyokubaliana nayo nayo iingie humo, na sababu yako kwa sentensi moja au mbili. Namba za kurasa zijaze mwishoni, ukishamaliza kugusa maandishi, vinginevyo zote zitasogea.